Karatasi ya Kodi na Sheria, Mara ya Tatu

Mara ya pili nilipoanguka karatasi ya kodi na sheria, simu ndiyo iliniambia. Meseji iliingia nikiwa nimeshika kitambulisho cha mteja, na mteja alikuwa ananiuliza, "Madam, risiti yangu imeingia ama bado?" Nikamwambia bado. Yake ilikuwa imeingia kitambo. Nilikuwa najisemea mimi.

Karatasi zingine zote za hatua ya kwanza ya mitihani ya uhasibu nilikuwa nimepita. Hesabu zenyewe nilipita. Uchumi nilipita. Hata ile ya maadili, ambayo watu wanasema ni maneno mengi bila kichwa, nilipita nikiwa na homa. Ilibaki hii moja. Na iliniuma zaidi kwa sababu kazi yangu ilikuwa kodi. Nilikuwa nafanya kwa cyber, duka la kompyuta na kuprinti, hapa Migori town, na kuanzia Januari mpaka mwisho wa Juni kazi kubwa ya cyber yoyote hapa ni kufilia watu returns, zile ripoti za kodi za kila mwaka. Mtu anakuja na kitambulisho, anakaa kwa kiti ya plastiki, anasema, "Nifanyie nil." Hiyo nil ni ya kuambia serikali ati mwaka wote haukupata kitu. Mimi namfanyia nil. Dakika tano. Naprinti risiti, anaikunja mara nne, anaiweka nyuma ya kava ya simu, anaenda. Nilikuwa nimefanya nil nyingi mpaka vidole vilikuwa vinajua njia bila macho.

Sasa mtu kama huyo anaangukaje kodi? Hilo swali niliulizwa na mama yangu huko Rodi Kopany, nikaulizwa na pasta, nikaulizwa na msichana wa kuuza airtime hapo nje. Nilikuwa nawajibu kwamba karatasi ni ngumu. Ukweli ni kwamba sikujua. Huu mtihani haukurudishii karatasi uone ulikosea wapi. Unaambiwa tu umepita ama hujapita, basi.

Na kulikuwa na mambo ya kiti. Huko Homa Bay kuna mama mmoja mwenye ofisi ya uhasibu, vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimpelekea barua ya kuomba kazi mwaka niliomaliza kulipa deni la shule lililoshikilia cheti changu cha form four. Akaisoma akiwa amesimama, akanionyesha meza moja karibu na dirisha. "Niletee karatasi zote za hatua ya kwanza," akasema, "hicho kiti ni chako." Tangu siku hiyo nilikuwa naona hicho kiti hata nikila. Kilikuwa cha mbao, kimeshonwa mto wa kitambaa cha kijani. Ukikaa hapo unaona ziwa kidogo, katikati ya mabati mawili.

Nilimpigia kumwambia matokeo.

"Umepita?"

"Bado, madam."

"Bado ni nini? Umeanguka ama hukuenda?"

"Nimeanguka."

Nikasikia anaandika kitu kwa kompyuta, hata hakuacha. Halafu akasema, "Kuna kijana wa Mbita amenipigia mara tatu. Ana karatasi zote. Mimi nitakungojea mpaka matokeo ya mtihani wa Agosti yatoke. Yakitoka na wewe bado uko kwa bado, siwezi kumsimamisha mtoto wa watu na kiti kipo."

Hapo ndipo mambo yangu yalikuwa. Mtihani wa Agosti, ama kijana wa Mbita.

Nilianza kusoma kwa hasira. Nilikuwa nafika cyber saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Hajji hajafungua duka lake la magodoro pale kando. Hajji ndiye mwenye cyber pia. Ni mzee wa pwani aliyekuja Migori zamani, na Kiswahili chake ni safi mpaka chetu kinaona haya. Nilikuwa nakaa nyuma ya mashine ya fotokopi, mahali wateja hawanioni, na kitabu.

Hicho kitabu nacho! Nilikinunua mkono wa tatu. Viwango vya kodi vinabadilika karibu kila mwaka, kwa hivyo mwenye kwanza alikata vile vya kitabu na biro nyekundu, akaandika vyake kando. Mwenye wa pili akaja akakata vile vya nyekundu na biro ya bluu. Mimi nilipofika, bluu ilikuwa imepitwa na wakati, na nilibaki na penseli na nafasi ndogo kama ukucha. Kurasa zingine zilikuwa zinakaa kama ukuta wa choo cha stage ya matatu. Unasoma mstari mmoja unapata sheria tatu, na moja tu ndiyo iko hai.

Kuna vitu vingine vilinikasirisha mpaka nikaandika kwa daftari langu maneno ambayo pasta hawezi kuyasoma. Kwa mfano, kuna bidhaa za kodi ya asilimia sifuri, na kuna bidhaa zilizosamehewa kodi. Kwa mtu ananunua unga kwa duka, zote mbili ni kitu kimoja, hulipi. Kwa mtihani ni vitu viwili na vina alama sita. Nilikuwa nafunga kitabu, naiambia mashine ya fotokopi tofauti ya hizo mbili, nafungua kitabu, nakuta nimezigeuza. Na yote hiyo ni kwa Kiingereza, mimi nafikiria kwa Dholuo, halafu mteja anaingia nabadilisha kwa Kiswahili. "Karibu. Una password?" Mteja hana password. Hakuna siku mteja alikuwa na password.

Nilivumilia hivyo wiki nyingi. Halafu nikajiambia, hii si kusoma, hii ni kukaa karibu na kitabu. Nikamtafuta karani.

Karani ni jamaa Mkuria anayefanya kwa ghala la mahindi upande wa Isebania. Tulianza mtihani pamoja. Yeye alipita kodi na sheria mara ya kwanza, akaniacha, na saa hii alikuwa hatua ya juu. Nilikuwa nimekataa kumwomba kwa sababu najua mdomo wake. Lakini kiti kile cha kijani kilikuwa kinanisumbua, nikampigia. Akasema tukutane Jumapili baada ya kanisa, kwa hoteli ya chai karibu na daraja, na nibebe maswali matatu niliyojibu mwenyewe bila kitabu.

Nilibeba. Nilikuwa na uhakika na moja hasa, nilikuwa nimelijaza ukurasa na nusu. Swali lilikuwa hivi: mama mmoja ananunua samaki ziwani na kuuza mjini, hajawahi kuajiriwa, anauliza kama anahusika na kodi. Mshauri. Alama kumi na mbili.

Karani akaweka mandazi chini, akafuta vidole. "Nisomee hii kwa Kiswahili, nataka kuisikia vizuri."

Nikasoma. "Mama huyu aende cyber iliyo karibu. Abebe kitambulisho, namba yake ya kodi na password. Kama amesahau password, mpya itatumwa kwa email yake. Kisha afile nil kabla ya mwisho wa Juni, ili asipigwe faini. Aweke risiti vizuri."

Nilipoinua macho, karani alikuwa ameshika kichwa.

"Nini?" nikauliza.

"Aweke risiti vizuri," akasema. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mama wa chai akageuka. "Madam, hapa umeulizwa sheria. Wewe umemhudumia huyu mama! Ungemwambia pia printing ni bei gani."

"Hivyo ndivyo watu wote wanafanya!"

"Nani amekuuliza watu wanafanya nini? Sheria inasema nini? Nil ni ya mtu hana kitu. Huyu mama ana samaki. Swali limekuambia ana samaki, mstari wa kwanza kabisa."

"Lakini ni biashara ndogo."

"Ndogo pia iko kwa sheria. Kama mauzo yake ya mwaka yamefika kile kiwango, kuna kodi ndogo ya mauzo. Kama hayajafika, anahesabiwa kwa faida, na viwango vile vya mtu binafsi kama wewe na mimi. Labda ikihesabiwa haitafika mahali pa kulipa. Lakini lazima ihesabiwe. Nil umetoa wapi?"

Nilikuwa najua hivyo viwango. Naapa nilikuwa navijua, vilikuwa kwa kitabu, nyekundu, bluu na penseli. Lakini mkono ulipoona mama wa samaki, mkono ulienda nil wenyewe, vile unaenda kila siku. Nikaangalia lile swali la pili nililobeba. La mwenye nyumba za kupangisha. Aende cyber. La tatu, la mwalimu mwenye shamba la miwa Awendo. Aende cyber, abebe karatasi ya mwajiri. Miwa sikuwa nimeitaja kabisa.

"Mara mbili," nikasema polepole. "Mara mbili nimeandikia hao watu waende cyber."

"Wameenda," akasema karani. "Mpaka sasa wako kwa laini." Halafu akaacha kucheka kidogo, akaniangalia. "Na wewe? Hajji si anakulipa? Ulifile nini mwaka jana?"

Nikaangalia chai yangu. Ilikuwa imeshika ngozi juu.

"Ulifile nini?"

"Kunywa chai yako," nikamwambia.

Kesho yake nilifungua akaunti yangu mwenyewe ya kodi kabla ya mteja wa kwanza. Nil. Mwaka uliotangulia, nil. Ule mwingine, nil. Miaka mitatu nimeambia serikali sina kitu, na hapo nilikuwa nimekaa kwa kazi, na flaski ya chai niliyonunua na mshahara. Sikuwa nimedanganya kwa kupanga. Sikuwa nimefikiria tu. Nilirekebisha zote tatu asubuhi hiyo, nikihesabu kwa mkono kwanza kama swali la mtihani. Hakukuwa na kitu cha kulipa, mshahara wangu haufiki huko. Lakini ilinichukua saa nzima, si dakika tano, na kwa hiyo saa nzima nilielewa sura ya nne ya kitabu ambayo nilikuwa nimeisoma mara kumi.

Basi nikaona nimepata dawa. Kila mteja ni swali. Nitawauliza, nitajifunza. Nilijiona mwerevu sana.

Mteja wa kwanza alikuwa jamaa wa boda. "Nifanyie nil, siste, haraka."

"Unafanya kazi gani?"

"Si unaniona na helmeti?"

"Basi una kipato. Nil ni ya mtu hana kipato."

Akaniangalia kama nimemuuliza mambo ya chumbani. "Kwani wewe ni wa hapa ama umetumwa?" Akachukua kitambulisho chake kutoka mkononi mwangu, pole pole, kama mtu anayetoa nyama kwa mdomo wa mbwa, akaenda cyber ya ng'ambo. Wa pili alikuwa mama wa nguo za mitumba. Huyo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante mwanangu Mungu akubariki, naye akaenda ng'ambo. Kabla ya saa sita wote walikuwa wanaenda ng'ambo. Ilikuwa ni Juni, wiki ambayo laini yetu kawaida inafika mpaka kwa magodoro, na kwangu kulikuwa na nzi wawili.

Hajji akaingia, akakaa kwa kiti cha mteja, fimbo katikati ya magoti.

"Binti," akasema, "mimi nimefungua kituo cha kompyuta au nimefungua ofisi ya serikali?"

"Hajji, kitabu kinasema..."

"Kitabu ni chako, duka ni langu. Mimi kodi yangu nalipa, nina mtu wangu anayenifanyia. Hawa wateja si wanao. Mtu akija na haja yake, mtimizie haja yake."

"Hata kama ni makosa?"

Hajji ni mtu wa dini, hilo neno nilijua litamgusa. Akazungusha ile fimbo. "Uliza," akasema mwishowe, "lakini uliza kwa adabu, na usiwazuie wenye haraka. Huyo ambaye kweli hana kitu, naye umkalishe nusu saa?"

Jioni akarudi na katoni mbili za magodoro alizokata, ameandika na mkaa. Moja ilisema NIL HUKU. Ingine, WENYE MASWALI HUKU. Chini ya ile ya maswali akaweka kiti kizuri, cha mto, kutoka dukani kwake. Kwa upande wa nil akaweka kijana wa chuo aliyekuwa amekuja kutafuta kazi ya likizo. Laini ya nil ikarudi mpaka kwa magodoro. Kwa kiti cha maswali hakukaa mtu hata mmoja. Siku kumi na mbili nilikaa nikiangalia kile kiti kitupu. Hicho kilikuwa cha pili sasa maishani mwangu, kiti hapa na kiti kule, na vyote havina mtu.

Siku ya kumi na tatu akaja auntie.

Auntie ni dada mdogo wa mama yangu. Aliolewa kisiwani Mfangano, na analeta samaki mpaka Migori, omena kwa magunia na mbuta za kukaangwa. Kila Juni anapitia kwangu na kitambulisho, na kila Juni nilikuwa namfanyia nil bila kumuuliza kitu, tukiongea mambo ya nyumbani. Yeye hakuangalia katoni za Hajji. Alikuja moja kwa moja kwa meza yangu.

"Nyathina, oyawore," akaniamkia kwa Dholuo, mtoto wangu, habari ya asubuhi. "Nifanyie ile kitu yetu, gari ya samaki inaningoja."

"Auntie, kaa kwanza. Ile kitu yetu tumekosea."

"Tumekosea na nani?"

"Mimi na wewe. Miaka yote nimekuandikia huna mapato."

"Sina."

"Auntie, unauza samaki!"

"Sikiza huyu." Akageukia laini ya nil, na laini yote ikageuka kumsikiza. "Mapato ni mshahara. Mimi mwisho wa mwezi kuna mtu ananiita kwa ofisi ananipa bahasha? Nina samaki. Leo wako, kesho wameoza. Hayo ni mapato?"

"Wakioza hukuwauza, hao hawahesabiwi. Wale umeuza ndio wanahesabiwa. Na kama tunahesabu kwa faida, unatoa barafu, unatoa boti, unatoa magunia..."

"Na chakula ya watoto?"

"Hiyo haitoki."

"Kwa nini haitoki? Nisipokula nitauza aje? Nitauza nikiwa maiti?"

Laini ikacheka. Najua kitabu kinasema matumizi ya nyumbani hayaruhusiwi, lakini sikujua kwa nini, na nilikuwa nimeenda mtihani mara mbili bila kujua kwa nini. Nikasema kitu kuhusu matumizi ya biashara pekee. Auntie akakiona kile kigugumizi mara moja.

"Na hiyo karatasi yako ya kodi," akaniuliza, kwa sauti ya chini sasa, "umepita?"

"Nafanya tena Agosti."

"Ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akachukua kitambulisho chake, akakifunga kwa kona ya leso. "Nyathina, nakupenda. Lakini mtu ameanguka mara mbili hawezi kuniambia mimi nimekosea. Pita kwanza. Ukipita nitakaa kwa hiyo kiti yenu ya maswali, unifundishe." Akaenda. Alipofika mlangoni yule kijana wa likizo akamuuliza kama anataka nil. Akamwambia, "Hata wewe nyamaza."

Nililia kidogo kwa choo cha nyuma, halafu nikatoka nikiwa nimekasirika. Alinikasirisha kwa sababu alikuwa na haki. Kutoka hiyo siku nilisoma tofauti. Nilikuwa namweka auntie kwa kila ukurasa. Kama kitabu kilisema gharama hii inaruhusiwa, nilikuwa namsikia, "Kwa nini?" na siendi mbele mpaka nimjibu kwa maneno ambayo angeyakubali akiwa amesimama na gari inamngoja. Chakula ya watoto: hata kama hungeuza samaki, watoto wangekula. Kwa hivyo si samaki wanakula hiyo pesa, ni nyumba. Ilinichukua siku mbili kupata hiyo sentensi.

Sheria pia nilisoma hivyo. Kuna sura ya wakala, mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine. Wakala anatakiwa kufanya kazi kwa uangalifu, na kumwambia aliyemtuma kila kitu anachojua kinachomhusu. Nilisoma hiyo sura nikafunga kitabu. Miaka mitatu nimekuwa wakala wa nusu ya Migori na sikuwaambia kitu, kwa sababu sikujua na sikuuliza. Karani alikuwa anakuja Jumapili kusahihisha. Alikuwa anaandika "Aende cyber" na biro nyekundu mahali popote niliteleza, hata kama kosa halikuwa la cyber. Mara ya kwanza niliandikiwa hiyo mara saba. Jumapili ya mwisho, mara moja. Nilimnunulia mandazi nne. Akasema kwao Kuria hiyo ni dharau, mtu analipwa ng'ombe. Nikamwambia kwetu mtu analipwa samaki, na samaki ameenda na auntie.

Mtihani ulifanyiwa Homa Bay. Nililala kwa mama yangu huko Rodi Kopany, asubuhi nikafika mapema sana, mlinzi hata hakuwa amefungua geti. Nilipita chini ya ofisi ya yule mama wa uhasibu, nikaangalia juu. Dirisha lilikuwa wazi. Sikuona kama kuna mtu amekaa.

Swali la kwanza lilikuwa la fundi wa viti na meza aliye na karakana na mke mwalimu. Mshauri. Nikashika biro, na naapa mkono wangu uliandika herufi tatu za kwanza za ile "aende cyber" kabla sijaushika. Nikakata. Nikakata na laini mbili, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka kidogo, na msimamizi akapita akaangalia hilo tundu. Halafu nikamweka auntie hapo mbele ya meza, ameweka mikono kiunoni. Nikaandika kwa ajili yake. Kwa nini mbao inatoka. Kwa nini ada ya shule ya mtoto haitoki. Kwa nini nil haiwezekani hata kama faida ni ndogo. Niliandika sana mpaka upande wa sheria nikabaki na muda mbaya. Swali la mwisho, la mauzo ya bidhaa, niliandika kwa mistari mifupi kama meseji, na msimamizi akasema kalamu chini nikiwa katikati ya neno.

Kwa hivyo nilirudi Migori nikiwa na hasira tena. Ningejua kupima muda! Mtu anasoma miezi yote hiyo halafu anashindwa na saa ya ukutani. Wiki za kungoja nilikuwa mtu mbaya, hata yule msichana wa airtime aliacha kunisalimia. Kijana wa likizo alirudi chuo. Katoni za Hajji zikabaki ukutani, zimeanza kujikunja kwa unyevu.

Meseji iliingia mchana, nikiwa nafanyia mchelewaji mmoja wa Juni faini yake. Sikuifungua. Nilimaliza mchelewaji, nikaprinti risiti, nikamhesabia chenji. Ndipo nikafungua.

Nilisoma mara tatu. Nikaenda nje nikaisoma tena kwa jua.

Nikapiga Homa Bay. Simu ilikaa sana. Nilikuwa nataka kuitupa.

"Halo," akasema yule mama, na kompyuta ikisikika.

"Madam, nimepita."

Kompyuta ikanyamaza. Ni mara ya kwanza niliisikia ikinyamaza. "Umepita ama ni bado?"

"Nimepita, madam. Kodi na sheria. Zote zimeisha."

"Huyu wa Mbita atanichukia," akasema. "Jumatatu, saa mbili. Usichelewe vile umechelewa kupita."

Niliambia Hajji. Aliniombea dua pale pale kati ya magodoro, halafu akaniuliza kwa uso wa huzuni kama ninajua mtu mwingine mwenye mkono mwepesi wa nil. Nikampigia karani. Hakuchukua, akatuma neno moja: Hatimaye. Nikapigia mama. Auntie sikumpigia. Sijui mama alimpigia saa ngapi, ama habari zinapita ziwani na nini, lakini Ijumaa, siku yangu ya mwisho kwa cyber, niliinua macho nikamwona mlangoni. Alikuwa na mfuko wa gunia begani.

Hakunisalimia. Akaangalia ukutani, akasoma katoni ya nil, akasoma katoni ya maswali, akaenda akakaa kwa kile kiti cha mto. Akapima ulaini wake kidogo. Halafu akafungua gunia juu ya meza yangu, na karatasi zikaanguka, za boti, za barafu, za soko, daftari mbili za mtoto wa shule zilizojaa mwandiko wake, na magamba ya omena kila mahali mpaka kwa kibodi.

"Umepita?" akauliza.

"Nimepita, auntie."

"Haya. Anza na ule mwaka wa kwanza ulinikosea. Na ufanye haraka, gari yangu ya kwenda Mbita inatoka hapa saa tisa."

"Auntie, hii haiwezi kuisha saa tisa."

"Ile ya kwanza ilichukua dakika tano!"

"Ndiyo," nikamwambia, na nikavuta daftari la kwanza nikapuliza magamba.